Mwamba, bamba la barafu au uwanda wa juu: kuchagua mahali pa kituo cha jiofizikia katika Antaktika

Taasisi inayokusudia kupima usumaku wa dunia, mitetemo ya ardhi au hali ya anga la juu katika Antaktika hukabiliwa na maswali mawili kabla haijanunua hata kifaa kimoja. La kwanza ni kituo kitakaa juu ya nini: mwamba ulio wazi, bamba la barafu linaloelea baharini, au uwanda wa barafu wa bara, ambao sehemu zake nyingi zimepita mita 3,000 juu ya usawa wa bahari. La pili ni nani atakayebaki na vifaa ndege ya mwisho ikishaondoka mwezi Februari na giza la miezi kadhaa likianza kukaribia. Kishawishi kikubwa ni kuyajibu yote mawili kwa kuangalia bajeti ya usafiri peke yake. Ulinganisho huu unashika njia nyingine: unauliza kwanza ni kipimo kipi ambacho kikikatika hakirudi, kisha unapima kila mahali kwa swali hilo.

Mifano ya kujifunzia ipo ya kutosha, kwa kuwa vituo vingi vya jiofizikia vya Antaktika vilizaliwa na Mwaka wa Kimataifa wa Jiofizikia wa 1957–58. Halley ya Uingereza ilianzishwa mwaka 1956, Dumont d'Urville ya Ufaransa mwaka huohuo, Syowa ya Japani na Scott Base ya New Zealand Januari 1957, na Vostok ya Urusi, wakati huo Muungano wa Kisovieti, Desemba 1957. Vilipewa majukumu yanayofanana, lakini ardhi iliyo chini yake imevipeleka kwenye hatima tofauti kabisa.

Bamba la barafu: rahisi kufika, gumu kukaa

Anayeitazama ramani huvutwa haraka na bamba la barafu. Meli inafunga gati pembeni mwa ukuta wa barafu, shehena inashushwa kwa winchi, na matrekta yanaivuta kilomita chache hadi kituoni kwenye uwanda tambarare usio na jiwe hata moja. Kwa mpimaji wa sumaku kuna faida ya ziada: kati ya kifaa chake na mwamba kuna mamia ya mita za barafu na maji, kwa hiyo hasumbuliwi na madini ya sumaku yaliyo karibu.

Gharama yake hulipwa baadaye. Huko Halley, kwenye bamba la Brunt, theluji hujilundika zaidi ya mita moja kwa mwaka, na vituo vinne vya kwanza vilizama na kuminywa na uzito wake hadi vikaachwa. Cha tano kiliinuliwa juu ya miguu ya chuma iliyopandishwa kila mwaka. Cha sita, kilichozinduliwa rasmi mwaka 2013, kiliwekewa miguu ya haidroliki yenye skii chini yake ili kiweze kukokotwa, na uamuzi huo ulithibitika kuwa wa busara mapema kuliko wengi walivyotarajia: katika msimu wa 2016–17 moduli zake zilivutwa kilomita 23 kuelekea bara kwa sababu ya ufa mkubwa uliokuwa ukirefuka. Oktoba 2016 ufa mwingine ulionekana upande wa pili wa kituo, na tangu mwaka 2017 hakuna mtu aliyelala Halley katika majira ya baridi. Hofu hiyo ilikuwa na msingi. Februari 2021 kilikatika kipande cha kilomita za mraba zipatazo 1,270, na Januari 2023 kingine cha takriban 1,550.

Ni haki kusema kwamba si kila bamba lina tabia ya Brunt. Neumayer III ya Ujerumani, iliyozinduliwa Februari 2009 kwenye bamba la Ekström, imesimama juu ya barafu yenye unene wa mita 200 hivi inayosogea takriban mita 157 kwa mwaka, na jengo lake linainuliwa kwa nguzo 16 za haidroliki. Watu tisa hubaki humo majira yote ya baridi, wawili kati yao wakiwa wanajiofizikia. Hata hivyo, wenyewe wamekubali mpaka wa bamba: kwa kuwa barafu inayoelea hupanda na kushuka na maji kujaa na kupwa, na kwa kuwa mawimbi ya kukata ya tetemeko hayapiti ndani ya maji, vipimamitetemo vya kutegemewa vimewekwa mbali na kituo, kwenye vilima vya barafu vilivyokaa juu ya mwamba. Kwa hiyo anayechagua bamba na bado anataka kupima mitetemo ajue kwamba ananunua vituo viwili au vitatu kwa jina la kimoja, pamoja na safari za magari ya theluji za kwenda kuvihudumia.

Mwamba: mgumu kufika, rahisi kuaminika

Kituo cha mwambani hakisogei, na jambo hilo linalosikika dogo ndilo linalobeba kila kitu kingine. Nguzo ya kupimia iliyojengwa Dumont d'Urville ipo pale ilipojengwa. Anayepima leo anaweza kulinganisha namba zake na za mtu aliyepima hapohapo miongo kadhaa iliyopita bila kurekebisha umbali wowote. Syowa, iliyojengwa kwenye kisiwa cha mawe cha East Ongul, imeweza kuendesha kipimamvutano cha kipitishikuu, yaani kifaa nyeti mno cha kupimia mvutano wa dunia, tangu mwaka 1993, kazi isiyowezekana juu ya sakafu inayopanda na kushuka mara mbili kwa siku.

Afrika Kusini, nchi pekee ya Afrika miongoni mwa 12 zilizotia saini Mkataba wa Antaktika mwaka 1959, ilipitia njia zote mbili. Vituo vyake vitatu vya kwanza, SANAE ya kwanza hadi ya tatu, vilijengwa kwenye barafu na vyote vikazikwa na theluji. Ya nne, inayotumika tangu 1997, iko juu ya mwamba wa Vesleskarvet unaochomoza katikati ya barafu, na imejengwa juu ya nguzo ili upepo upite chini yake na kuipeperusha theluji. Mtaalamu wa Afrika Mashariki anayefikiria kupeleka kifaa chake kusini angefanya vema kuisoma historia hiyo kwa makini, kwa sababu Cape Town ndilo lango la meli na ndege za upande ule wa bara, Neumayer ikiwemo.

Mwamba una hila zake pia. Upepo mzito unaoteremka kutoka uwandani huifikia pwani kwa nguvu za kutisha. Dumont d'Urville ilipimwa kasi ya kilomita 327 kwa saa mwaka 1972. Bahari iliyo jirani hutikisa ardhi mfululizo, na kipimamitetemo kizuri kitaandika mawimbi hayo usiku na mchana. Mwamba wenye asili ya volkano, kama ule wa kisiwa cha Ross ulio chini ya Scott Base, una sumaku yake yenyewe, kiasi kwamba kuhamisha kifaa hatua chache kunabadilisha kipimo. Na kukaa juu ya jiwe hakuondoi hatari ya barafu: Dumont d'Urville ilijengewa kiwanja cha ndege kwa kusawazisha visiwa, lakini Januari 1994 wimbi lililotokana na kumomonyoka kwa barafu ya jirani likakiharibu, na hakikutumika tena.

Uwanda wa juu: tulivu kuliko kote

Kwa mitetemo ya ardhi, uwanda wa juu hauna mshindani. Hakuna bahari karibu, hakuna miti ya kuyumba, hakuna barabara. Kwenye Ncha ya Kusini, Marekani iliweka vipimamitetemo kilomita nane kutoka kituo cha Amundsen-Scott, ndani ya mashimo yanayokaribia mita 300, na hapo pamekuwa miongoni mwa mahali patulivu zaidi duniani kwa mitetemo ya masafa ya juu. Utulivu huo unalindwa kwa sheria za nidhamu: eneo linalozunguka kituo limegawanywa katika sehemu ya kimya, sehemu ya giza na sehemu ya hewa safi, na magari hayaingii humo ovyo. Somo hili hutumika popote. Adui mkubwa wa vifaa vya jiofizikia ni kituo chenyewe, pamoja na jenereta zake, matrekta yake na watu wake.

Bei ya utulivu huo ni umbali. Concordia, ya Ufaransa na Italia, iko mita 3,233 juu ya usawa wa bahari na takriban kilomita 1,100 kutoka pwani. Mizigo mizito hupelekwa na msafara wa matrekta unaochukua siku kama kumi kwenda tu. Wastani wa joto kwa mwaka unakaribia nyuzi 54 chini ya sifuri, na majira ya baridi hushuka hadi 80 chini ya sifuri. Vostok, iliyo juu zaidi, iliwahi kuandika nyuzi 89.2 chini ya sifuri tarehe 21 Julai 1983. Kuanzia Februari hadi Novemba wakazi wa Concordia hawafikiki kwa kawaida. Theluji, angalau, ni chache mno: haifiki sentimita kumi kwa mwaka, kwa hiyo majengo hayazikwi kwa kasi ya Halley.

Kuna kero moja ambayo wageni wa uwanda hawaifikirii mpaka iwafike. Barafu kavu haina udongo wa kuzikia waya wa ethi, nayo theluji inayopeperushwa na upepo hubeba chaji ya umeme. Matokeo ni cheche zinazounguza saketi za vifaa nyeti, na kituo kinachopangwa uwandani kinahitaji fundi aliyelifikiria jambo hilo tangu kwenye michoro.

Watu au mitambo

Kwa maoni yangu, ni hapa uamuzi wenyewe unapofanyika, kwa sababu mahali pakishachaguliwa, kinachotofautisha kituo na sanduku lenye vifaa ni kipimo cha msingi.

Magnetomita inayojiendesha huandika mabadiliko ya uga wa sumaku kila sekunde, lakini yenyewe haijui thamani halisi. Joto likibadilika au nguzo ikiinama kidogo, namba zake huhama taratibu na hakuna anayejua ni dunia iliyobadilika au ni kifaa. Ndiyo maana mara moja au mbili kwa wiki mtu huenda kupima kwa mkono. Huacha kituoni funguo, saa, simu, kisu na mkanda. Hukagua zipu za koti na hata fremu ya miwani. Kisha hufuata kamba hadi kwenye kibanda kilichojengwa bila msumari wa chuma. Humo huwa na teodolaiti isiyo na chuma, yenye kihisi cha sumaku juu ya darubini yake. Hulenga kwanza alama ya mbali ambayo mwelekeo wake unajulikana, kisha huigeuza darubini katika mikao minne kwa ajili ya pembe ya mkengeuko (kati ya kaskazini ya kweli na ya sumaku) na minne mingine kwa ajili ya pembe ya mwinamo (kati ya uga na mlalo), akitafuta kila mara pale kihisi kinaposoma sifuri, na kuandika saa kamili ya kila mkao. Skrubu ni ndogo mno kwa glavu nene, kwa hiyo vidole hukaa wazi kwenye baridi. Kipindi kimoja huchukua kama nusu saa akiwa mzoefu.

INTERMAGNET, mtandao wa kimataifa wa vituo vya sumaku, hutaka usahihi wa nanotesla tano, nanotesla ikiwa kizio cha nguvu ya uga wa sumaku. Tuchukue mahali ambapo sehemu ya mlalo ya uga ni nanotesla 20,000. Kosa la dakika moja ya pembe, yaani sehemu moja ya 60 ya nyuzi, huzaa kosa la karibu nanotesla sita, na posho yote imekwisha. Juu ya mwamba, alama ya mbali haihami. Juu ya bamba, barafu haisogei mbele tu bali hujizungusha pia, na alama huzunguka nayo, kwa hiyo mpimaji analazimika kutafuta kaskazini upya kwa kulenga jua, au nyota katika giza la Juni kama mawingu yataruhusu. Pwani karibu na ncha ya sumaku ya kusini, ambayo kwa sasa iko baharini kaskazini ya Dumont d'Urville, sehemu ya mlalo ni ndogo kiasi kwamba pembe ya mkengeuko yenyewe hupoteza maana ya kawaida na hesabu hufanywa kwa vipengele vingine.

Je, mtambo hauwezi kufanya kazi hiyo? Kwa kiasi unaweza. Huko Dourbes, Ubelgiji, kimebuniwa kifaa kinachogeuza teodolaiti chenyewe na kulenga alama kwa leza, na lipo wazo la kutumia jairoskopu badala ya alama. Lakini jairoskopu hutafuta kaskazini kwa kuhisi mzunguko wa dunia, na sehemu ya mzunguko huo inayolisaidia hupungua kadiri unavyoikaribia ncha: kwenye latitudo ya 75 imebaki robo tu ya ile ya ikweta, na kwenye ncha yenyewe haipo. Mtambo huo unafanya vizuri pale ambapo mtu angefika kwa urahisi zaidi, jambo ambalo wauzaji wa vifaa hawana haraka ya kulitaja.

Kwa vipimo vingine hali ni nyepesi. Halley imeonyesha kwamba kituo kisicho na mtu kinaweza kuendelea kutoa takwimu majira ya baridi kwa kutumia tabaini ndogo inayounguza mafuta ya ndege na kulisha umeme vifaa vya hali ya hewa na anga la juu. Hata kifaa cha kupimia ozoni, cha aina ileile iliyowawezesha wanasayansi wa Uingereza Farman, Gardiner na Shanklin kutangaza mwaka 1985 kupungua kwa ozoni juu ya Antaktika, kimewekewa mfumo wa kujiendesha. Tukumbuke lakini kwamba ugunduzi ule ulitegemea mfululizo ulioanza tangu miaka ya 1950, uliopimwa mwaka hadi mwaka na watu waliokuwa palepale.

Umeme na mawasiliano

Hapa maneno machache yanatosha. Miaka ya 1990 Marekani iliweka uwandani vituo sita vilivyojiendesha kwa gesi ya propani, vikahitaji ndege ya kuvijaza kila mwaka. Baadaye vikageuzwa kutumia jua na upepo. Uingereza ilichukua njia ya kinyume, ya kupunguza mahitaji: magnetomita zake ndogo za uwandani hutumia chini ya wati moja, hivyo paneli za sola huchaji betri majira ya joto na betri huvusha giza. Njia hii ya pili naiona bora kwa taasisi yenye fedha kidogo, mradi ikubali kifaa kimoja kisicho na mbwembwe. Upepo haufai kutegemewa sana: juu kwenye vilele vya uwanda ni mdogo, na pwani ni mkali unaovunja mapanga. Betri zilizokwisha lazima zirudishwe, kwa kuwa Itifaki ya Madrid ya 1991, ya kulinda mazingira ya Antaktika, hairuhusu taka za namna hiyo kuachwa, na gharama ya kuzirudisha iandikwe tangu mwanzo. Kwa mawasiliano, setilaiti za kawaida zinazokaa juu ya ikweta hazionekani karibu na ncha. Mtandao wa setilaiti wa Iridium unafika kote, ingawa kwa kasi inayofaa vifurushi vidogo vya data.

Nani achague nini

Kama lengo kuu ni mfululizo mrefu wa uga wa sumaku, chagua mwamba usio wa volkano na uweke watu, hata kama itabidi kuacha nusu ya vifaa vingine vilivyopangwa. Kama lengo ni mitetemo ya ardhi, usijenge chochote kipya: omba nafasi kwenye kituo cha uwandani kilichopo, kwa sababu kifaa kimoja ndani ya shimo tulivu kinashinda jengo zima la pwani. Kama lengo ni ionosfia (tabaka la anga la juu lenye chaji ya umeme), nuru za ncha (mianga ya angani usiku karibu na ncha) au ozoni, bamba la barafu linakubalika, na mitambo inaweza kushika nafasi ya watu kwa sehemu kubwa, ili mradi kuwe na mpango wa kuhama ulioandikwa kabla ya ufa wa kwanza kuonekana. Mtandao wa vifaa vidogo vingi visivyo na mtu unafaa kwa anayefuatilia mabadiliko ya sekunde na dakika wakati wa dhoruba za sumaku. Haufai kwa anayetaka kujua uga umebadilika kiasi gani katika miaka 20.

Ipo pia hoja ambayo waombaji wa fedha za kusini hawaipendi: maswali mengi ya nuru za ncha na dhoruba za sumaku yanajibika kaskazini kwa sehemu ndogo ya gharama. Sodankylä, kituo cha jiofizikia nchini Finland, ilianzishwa mwaka 1913, ikaharibiwa katika vita mwaka 1944, ikaanza tena, na mtu huifikia kwa barabara. Ny-Ålesund, kijiji cha utafiti kwenye visiwa vya Svalbard, ina ndege ya kutoka Longyearbyen na katazo kali la mawimbi ya redio, hata intaneti isiyo na waya, ili kulinda antena za Norway za upimaji wa dunia. Kusini kuna thamani yake pale swali linapohitaji ncha zote mbili kupimwa kwa wakati mmoja, au linapohitaji barafu yenyewe.

Hata anayeshikilia kwenda kusini na kifaa kinachojiendesha angefaidika kuanzia kaskazini. Kiwekwe kwanza mahali kama Sodankylä, majira yote ya baridi, kando ya nguzo ambayo mtu anapima kwa mkono kila wiki, na namba zake zilinganishwe na za mtu huyo kabla ya sanduku kupelekwa bandarini. Kasoro itakayoonekana Januari katika Finland itarekebishwa kesho yake kwa bisibisi. Ileile ikijitokeza uwandani mwezi Aprili itasubiri hadi Novemba.